Kozi ya Udereva kwa Wanaokwenda Uarabuni: Tathmini ya Shule Moja ya Malindi

Shule za udereva mjini Malindi si chache, na nyingi hufundisha yale yale: alama za barabarani, ubao wa mji wenye vigari vya kusukuma kwa kidole, kurudi nyuma kwa gari baina ya vigingi, kisha mtihani wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, na leseni. Shule ninayoitathmini imeongeza juu ya hayo kozi fupi kwa watu ambao tayari wana leseni ya Kenya na wanasubiri viza ya kwenda Uarabuni kufanya kazi ya udereva wa nyumbani. Mpwa wangu kutoka Lamu ameimaliza hivi karibuni, nami niliruhusiwa kuketi darasani pamoja naye mara kadhaa. Kwa kuwa niliwahi kuendesha gari la familia moja Abu Dhabi kwa miaka, nilikuwa na cha kulinganisha na kila nililolisikia. Sitaitaja shule kwa jina, kwa sababu pamoja na sifa ninazo lawama.

Haja ya kozi kama hii ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na kwa vijana wa Lamu ni kubwa zaidi. Mtoto aliyekulia Mji wa Kale wa Lamu amezoea vichochoro vya watu na punda. Gari ni kitu cha ng'ambo ya pili, Mokowe, na wapo wanaofika umri wa kupiga kura bila kuwahi kufunga mkanda wa gari. Kijana huyo huja Malindi, hujifunza kuendesha katikati ya tuktuk na bodaboda kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa, hupata leseni, na muda si mrefu hukabidhiwa gari kubwa la familia katika nchi ambayo barabara ina leni tano kila upande. Ajenti humuuliza kama ana leseni na pasipoti, wala hamuulizi kama amewahi kuendesha upande wa kulia wa barabara.

Upande huo ndio moyo wa kozi, na hapa shule inastahili pongezi. Kenya haisajili magari ya usukani wa kushoto isipokuwa ya kazi maalumu, hivyo shule haina gari la kufundishia barabarani kwa namna hiyo. Badala yake mwalimu amemwagiza fundi wa kuchomelea amtengenezee fremu yenye kiti, usukani upande wa kushoto, gia upande wa mkono wa kulia na kijiti cha indiketa mahali pake. Mwanafunzi huketi hapo akielekezwa kwa sauti: pinda kushoto, tazama kioo, washa indiketa, punguza gia. Ukitazama mara ya kwanza utaona ni mchezo, lakini mikono ina mazoea yake. Katika magari mengi tunayoyaagiza kutoka Japani indiketa huwa upande wa kulia wa usukani, na ya kufuta kioo upande wa kushoto. Kule ni kinyume. Dereva mgeni akitaka kuashiria kwamba anahama leni, huwasha vifuta kioo, na aliye nyuma yake hajui lolote linalokuja.

Ule ubao wa mji nao umegeuzwa. Vigari hupita kulia, na kwenye raundabauti huzunguka kinyume cha mishale ya saa, mwenye kuingia akiwapisha wanaotoka kushoto kwake. Mwalimu huwarudisha wanafunzi ubaoni mpaka jicho litazame kushoto kwanza bila kuambiwa. Alisisitiza pia jambo ambalo nililiona kwa macho yangu kule: mgeni hapotei upande kwenye barabara yenye msongamano, kwa kuwa magari mengine humwongoza. Hupotea alfajiri, anapotoka kituo cha mafuta au mtaa mtulivu usio na gari jingine, ndipo mkono humrudisha kwenye upande wa nyumbani. Somo hilo peke yake linatosha kulipia sehemu kubwa ya ada.

Somo lililonivutia kuliko yote ni la indiketa kama lugha ya madereva. Sisi tuliozoea barabara ya Malindi kwenda Mombasa tunajua kwamba lori la mbele likiwasha taa ya kulia linatuonya tusilipite, na likiwasha ya kushoto linaturuhusu kupita. Ni adabu nzuri ya barabara nyembamba ya leni mbili, na imeokoa wengi. Mtu akienda nayo Uarabuni inaweza kumuua. Kule magari hupitana upande wa kushoto, na lori likiwasha taa ya kushoto linasema jambo moja tu: linahamia kushoto. Dereva wetu akiielewa kama ruhusa, atajitosa hasa mahali ambapo lori linaingia. Mwalimu alilifafanua hili kwa vigari viwili ubaoni, akaacha kimya cha kutosha ili kila mtu ajionee. Ndivyo pia kwa taa kubwa. Huku dereva anayekuja mbele akikumulika huenda anakuarifu kuna polisi; kule anayekumulika kutoka nyuma, katika leni ya kushoto kabisa, anakutaka umpishe, na la heshima ni kuhamia kulia ukiwa salama bila kukanyaga breki kwa hasira.

Kuhusu mwendo kasi, darasa lilikuwa zuri kwa nadharia. Mwendo wa kilomita 120 kwa saa ni zaidi ya mita 33 kila sekunde, na ule wa 50 ni karibu mita 14. Anayetazama simu kwa sekunde mbili tu kwenye barabara kuu amesafiri mita 66 akiwa kipofu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Mwalimu alikuwa nazo takwimu hizi, na alijua pia kwamba sheria hutofautiana hata ndani ya nchi moja: Dubai imekuwa ikivumilia kilomita 20 juu ya kiwango kilichoandikwa kabla ya kamera kupiga picha, ilhali Abu Dhabi iliondoa uvumilivu huo Agosti 2018, ikawa kibao kikisema 140 ni 140. Aliwaeleza habari ya ukungu wa majira ya baridi, ambapo Abu Dhabi hushusha kiwango hadi 80 kwenye barabara kuu. Hayo yote ni sahihi. Kilichokosekana ni mazoezi ya kuacha nafasi kati ya gari na gari, ambayo yangeweza kufanywa hata kwenye barabara ya kwenda Gede asubuhi na mapema.

Faini zilipitishwa haraka, na inatosha: katika Falme za Kiarabu kupita taa nyekundu ni dirhamu 1,000, pointi nyeusi 12 na gari kuzuiliwa siku 30, kushika simu ni dirhamu 800 na pointi 4, pointi zikifika 24 leseni husimamishwa. Mwajiri ndiye mwenye gari, kwa hiyo taarifa ya faini humfikia yeye, na mara nyingi hukatwa kwenye mshahara wa dereva.

Mkanda ulipewa muda wake, na nilifurahi. Tangu Julai 2017 sheria ya Falme za Kiarabu inamtaka kila abiria afunge mkanda, wa mbele na wa nyuma, na mtoto wa chini ya miaka 4 awe kwenye kiti chake maalumu. Tatizo la dereva wa nyumbani ni mamlaka. Yeye ni mwajiriwa. Mama wa watoto akisema mtoto apakatwe, ni nani wa kumpinga? Mwalimu aliwafundisha maneno machache ya Kiarabu ya heshima ya kumwomba mama amfunge mtoto kabla gari halijaondoka, na aliwashauri wasiondoe gari mpaka wasikie mikanda ikibana. Vijana wa Lamu waliopitia madrasa waliyashika mara moja. Mimi naamini mtoto wa mwenzio akishakabidhiwa kwako ni amana, na kozi inayofundisha namna ya kuilinda amana hiyo bila kuvunja adabu inajua kazi yake.

Nilipendezwa pia kuona wasichana darasani. Saudi Arabia iliruhusu wanawake kuendesha gari tarehe 24 Juni 2018, na tangu hapo binti aliyekwenda kufanya kazi za ndani anaweza kujikuta akiombwa kuwapeleka watoto shule. Mwalimu aliwafundisha sawa na wavulana, na muda wao kwenye fremu haukupunguzwa.

Sasa lawama. Kubwa kabisa ni kwamba hakuna somo la uchovu. Dereva wa nyumbani hana zamu. Huamshwa kupeleka watoto shuleni, mchana yuko sokoni na madukani, jioni anampeleka bwana mkubwa kwa jamaa zake, na Ramadhani usiku hugeuka mchana. Dakika za mwisho kabla ya Magharibi, kila mtu akikimbilia futari, ni saa ambayo polisi wa nchi hizo huwaonya madereva kila mwaka, na dereva huyo naye amefunga na hakulala. Nilimngojea mwalimu aliseme hili, akamaliza kozi bila kuligusa. Kijana afundishwe kulala mchana kila nafasi inapopatikana, kusimamisha gari mahali salama jicho likizidiwa, na kumwambia mwajiri mapema, kwa upole, kwamba hakupata usingizi.

Lawama ya pili ni cheti. Mwisho wa kozi kila mmoja hupewa karatasi yenye mhuri, na baadhi ya vijana waliondoka wakiamini itawafaa mbele ya polisi wa huko. Haitawafaa. Leseni ya kimataifa hutolewa Kenya na AA, chama cha wenye magari, nayo ni ya muda. Anayekaa na kufanya kazi huhitaji leseni ya nchi ile. Shule haikuwadanganya, ila ilikaa kimya mahali ilipopaswa kusema. Dereva asiye na leseni halali akisababisha kifo, bima inaweza kumrudia yeye mwenyewe, na diya, yaani fidia ya damu, katika Falme za Kiarabu ni dirhamu 200,000, yaani takriban shilingi milioni 7. Familia gani ya Shela au Barani inazo fedha hizo?

Tena vijana wengi siku hizi huenda kupeleka chakula kwa pikipiki, na hawa kozi haikuwataja kabisa, ilhali pikipiki haina mwili wa chuma wa kumkinga mtu.

Ada haifikii nusu ya faini ya taa nyekundu niliyoitaja, ambayo kwa pesa zetu ni kama shilingi 35,000. Kwa mwenye leseni na viza njiani, naipendekeza, hasa kwa anayetoka visiwani. Ajiandikishe mapema ili apate zamu ya kutosha kwenye fremu, kwa kuwa ni moja tu na foleni yake ni ndefu siku za Jumamosi; aombe kuendesha usiku angalau mara moja, jambo ambalo mwalimu hukubali akiombwa ingawa halimo kwenye ratiba; na aulize wazi, kabla ya kulipa, ni leseni gani atakayohitaji katika nchi anayokwenda.