Mafuta ya nywele niliyonunua kwa makusudi

Hili duka la mtandaoni sikulikuta kwa bahati, nililitafuta kabisa kwa sababu mwenye nalo ni wa jamii ya wachache, na hawa watu mkopo benki wanaupata kwa shida na kwenye rafu za maduka makubwa huwaoni. Kule Marekani mbunifu wa mitindo Aurora James alianzisha kampeni ya Fifteen Percent Pledge mwaka 2020 akataka maduka yawape wafanyabiashara weusi asilimia 15 ya rafu, Sephora, wale wa maduka makubwa ya vipodozi, wakakubali, kwa hiyo sio huruma jamani, ni nafasi tu.

Haya mafuta sasa. Mazito kidogo, unayasugua kiganjani mpaka yalainike, ila ukishapaka kwenye nywele za kipilipili chanuo linapita mpaka jioni halikwami, na kwenye kola hayaachi doa. Pampu ndo mbovu, siku ya tatu tu imegoma, nikaandika, mwenye duka mwenyewe akajibu na nyingine akatuma bila longolongo. Nunueni kwa makusudi ile mara ya kwanza, ya pili bidhaa ijitetee yenyewe, na ikiwa mbovu waambieni wazi msiwaonee aibu. Mi chupa ya pili nishaagiza.