Mwaka mmoja wa mazoezi kwenye kliniki ya neurosaikolojia, naipa nyota 4 kati ya 5

Mwezi uliopita ndo nimemaliza mazoezi yangu ya vitendo kwenye kliniki ya neurosaikolojia, yaani pale wanapopima kumbukumbu na uwezo wa kufikiri wa watu wenye shida za ubongo, niko masomo ya uzamivu, naandika mapema kabla sijasahau kwa ajili ya wenzangu mnaotafuta pa kwenda maana mimi nilikosa wa kuniambia.

Hii ni kliniki yangu ya pili. Ya kwanza jina naliacha, pale tulikuwa watu wa kutoa testi tu, asubuhi unapewa faili unaingia na mgonjwa unampima masaa matatu manne unajumlisha alama unakabidhi basi, ripoti anaandika mwingine na ukiuliza yule mama kumbe ana nini hakuna mwenye muda wa kukujibu. Masaa kwenye fomu nilijaza mengi sana ila kuhusu ubongo wenyewe nilitoka na kidogo mno, na hilo liliniuma.

Hii ya pili ni kitu kingine kabisa. Mgonjwa unamhoji wewe, testi unachagua wewe na unaeleza kwa nini, ripoti unaandika, halafu unakaa kwenye kikao cha kumpa majibu na familia yake. Msimamizi yupo kweli. Wiki ya pili tu nilishamsomea mgonjwa orodha ya maneno, tunasubiri zile dakika 20 nimuulize anayakumbuka yapi, nikashika testi ya msamiati ili muda usipotee bure, msimamizi akanizuia palepale: maneno mengine yataingiliana na yale ya mwanzo, mpe vibao apange. Hakuna mhadhara ulionifundisha hilo.

Ila siku ambayo sitaisahau ni ya mzee mmoja aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Nilimpa mchoro wa Rey, ule wa mistari na maumbo mengi unaotumika kwenye testi, anakili. Akachora upande wa kulia vizuri, mistari yote, hadi kile kiduara chenye nukta tatu, kushoto karatasi nyeupe, akaweka penseli chini akasema tayari. Macho yalishapimwa, hayana shida. Tulipotoka msimamizi hakuniuliza alama, aliniuliza "sasa mkewe utamwambia nini?" Nikakwama. Kwenye kikao tukamweleza yule mama kwamba mumewe ubongo hauutilii maanani upande wa kushoto, ndo maana anagonga mlango na nusu ya sahani inabaki na chakula, akalia jamani, akasema miezi yote ile alidhani mzee anakisusia chakula chake. Tangu siku hiyo siandiki ripoti bila kujiuliza nani ataisoma nyumbani. Yangu ya kwanza ilikuwa kurasa 11, za mwisho zikawa 4.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu mbili. Watoto hakuna kabisa, wanaotaka kazi ya watoto hapa hawatapata kitu. Na majedwali ya kulinganisha alama yalitoka kwa watu wa lugha moja, akija mgonjwa mwenye lugha mbili au aliyeishia darasa la nne tunabaki kukisia, na mtu asije akaambiwa ana dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) kwa sababu ya jedwali lisilomhusu! Hilo nililisema kwenye fomu yao na narudia hapa.

Kwa wanaolenga Marekani au Kanada, mkutano wa wataalamu wa neurosaikolojia uliofanyika Houston 1997 uliweka wazi kwamba ubingwa huu unaanza kujengwa hukohuko kwenye uzamivu, unaendelea kwenye intanshipu, kisha miaka 2 ya ukaazi (mafunzo kazini chini ya msimamizi) baada ya shahada, so haya mazoezi siyo ya kujazia sivii. Mkienda kuhojiwa, ulizeni mwanafunzi wa mwaka jana aliandika ripoti ngapi mwenyewe na aliingia vikao vingapi vya majibu. Pale kwangu walinijibu bila kusita wakaniitia na yule mwanafunzi niongee naye, kule kwa kwanza hata sikuuliza.