Uzoefu wangu na DaVinci Resolve ya bure: inapofaa na inapogoma

Kwa video ndefu za mtandaoni, toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video kwenye kompyuta, linanitosha. Haliweki kikomo cha urefu, linatoa video hadi 3840 × 2160 (4K) kwa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na upande wa kurekebisha rangi linazishinda programu nyingi za kulipia. Ila ni zito. RAM ya gigabaiti 8 italifungua, lakini kazi yenyewe inataka 16 na kadi ya michoro iliyo hai, si ya kubahatisha.

Hata hivyo, malalamiko mengi kwamba "linaganda" chanzo chake ni faili zinazoingizwa. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha orodha za vikorombwezo, chukua klipu ya dakika moja kutoka simu au kamera unayoitumia siku zote, iingize, ikate mahali kadhaa, weka maandishi na tabaka la pili la video, kisha irudishe nyuma na kuipeleka mbele haraka. Ikisuasua hapo, mradi wa dakika 20 hautakwenda.

Sababu ni hii. Simu nyingi hurekodi kwa kodeki (njia za kubana video) za H.264 au H.265. Ili faili iwe ndogo, fremu moja huhifadhiwa nzima na zinazofuata huhifadhiwa kama mabadiliko tu. Ukirudi nyuma fremu moja, kompyuta inalazimika kwenda hadi ile fremu nzima iliyotangulia na kuzijenga upya zote zilizo katikati. Ndiyo maana klipu ileile inacheza vizuri kwenye VLC, programu ya kuchezesha video ambayo kwa kawaida inasonga mbele tu, lakini inakwamakwama unapoihariri. H.265 ni nzito zaidi ya H.264. Ngumu kuliko zote ni faili za biti 10 za 4:2:2 (zenye taarifa nyingi zaidi za rangi) zinazotolewa na kamera nyingi mpya: kadi za Nvidia zilizotangulia mfululizo wa RTX 50 hazina uwezo wa kuzifungua kwa chipu yao ya video, hata ziwe ghali vipi. Faili za namna hiyo nashauri zigeuzwe kuwa DNxHR, kodeki nyepesi kuhariri, kwanza, kwa programu ya bure ya Shutter Encoder, ndipo ziingizwe.

Kwa faili za kawaida, dawa ni proksi, yaani nakala nyepesi unazohariri huku faili asili zikisubiri wakati wa kurenda (kutoa video ya mwisho). Fungua mipangilio ya mradi, sehemu ya Master Settings, shuka hadi Optimized Media, weka ukubwa wa proksi uwe nusu au robo, na aina iwe DNxHR LB. Kisha chagua klipu zote kwenye Media Pool, bofya kulia, chagua Generate Proxy Media. Kwenye menyu ya Playback, chini ya Proxy Handling, hakikisha imechaguliwa Prefer Proxies. Tenga nafasi ya kutosha: DNxHR LB ya 1080p kwa fremu 30 hula takriban gigabaiti 20 kwa kila saa ya video. Na wakati wa kurenda, usiweke tiki kwenye kisanduku cha kutumia proksi kilicho chini kabisa ya mipangilio; ukikiweka, video itatoka na ukungu na utabaki ukiilaumu kamera.

Likitokea onyo kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imejaa, punguza taimlaini (ukanda unaopangia klipu) iwe 1920 × 1080 wakati wa kuhariri, halafu uirudishe 4K ukifika kwenye kurenda. Ukubwa na mpangilio wa vitu kwenye skrini havibadiliki, kwa sababu Resolve hukokotoa kila kitu upya kutoka faili asili.

Sasa idadi ya fremu. Hapa ndipo wageni wa Resolve wanapoumia. Mradi mpya huja na fremu 24 kwa sekunde. Ukiingiza klipu ya kwanza yenye 30, programu inauliza kama ibadilishe. Kubali. Ukikataa, video ya fremu 30 itapachikwa kwenye taimlaini ya 24, fremu sita zitatupwa kila sekunde, na mwendo wa mkono au kamera utaonekana unaruka. Huwezi kubadilisha namba hiyo kwenye mradi baada ya kazi kuanza. Kinachowezekana ni kutengeneza taimlaini mpya, kuondoa tiki ya Use Project Settings, kuweka 30 kwenye kichupo cha Format, na kunakili klipu zote humo.

Kuna pia kasi ya fremu inayobadilikabadilika, na hii haichagui programu. Simu ikikosa mwanga au ikipata joto hupunguza fremu bila kukuambia, na matokeo yake sauti huanza sawasawa na midomo kisha ikaachana nayo kadiri video inavyoendelea. Fungua klipu kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili; ikiandika kwamba kasi ya fremu ni Variable, ipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video: kichupo cha Video, andika 30, chagua Constant Framerate, na ubora uwe RF 18 (RF ni kipimo cha ubora cha HandBrake). Kwa iPhone, zima Auto FPS kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Record Video, na tatizo litapungua kabla halijafika kwenye kompyuta. Kdenlive, programu nyingine ya kuhariri, kwa sifa yake, huitambua faili ya namna hii ukiiingiza na kujitolea kuigeuza.

Yasiyomo kwenye toleo la bure: kupunguza chenga za video zilizopigwa gizani, Magic Mask ya kumtenga mtu na mandhari, na kugeuza maneno kuwa manukuu kiotomatiki. Baadhi ya madoido ni ya toleo la Studio, lile la kulipia, na ukiyatumia picha nzima hufunikwa na nembo. Ukiona nembo, tafuta doido hilo na ulifute, sehemu nyingine za video ziko salama. Studio hulipiwa mara moja, si kila mwezi, jambo ambalo kwangu ni hoja nzito. Kwenye Linux toleo la bure halifungui H.264 wala H.265, kwa hiyo kwa mtu wa Linux naona Kdenlive ndiyo njia fupi.

Jambo jingine la kujua mapema: Resolve haihifadhi mradi kama faili kando ya video zako, bali ndani ya hifadhidata yake. Ukifuta diski ya mfumo, video zinaweza kubaki kwenye diski ya nje huku ukataji wote umepotea. Kila mradi ukiisha utoe kama faili ya .drp, na kwenye mapendeleo ya mtumiaji washa Project Backups.

Kwa video fupi za wima zenye maandishi yanayorukaruka, sihangaiki na Resolve. CapCut ina kasi zaidi kwa kazi hiyo, na violezo vyake vimepangwa tayari kwa 1080 × 1920. Tahadhari ni mbili. Madoido ya Pro unaruhusiwa kuyaweka na kuyaona bure, lakini ukifika kwenye kutoa video unadaiwa malipo, hivyo angalia alama ya Pro kabla hujajenga video nzima juu yake. Na muziki uliomo si lazima uwe na ruhusa ya kutumika nje ya TikTok. Kompyuta dhaifu? Shotcut au Kdenlive, zote za bure, zinafungua karibu kila aina ya faili. Rangi zake ni za kawaida, na ukirundika madoido mengi prosesa ndiyo inayobeba mzigo. Mwenye Mac asiyetaka kulipa kila mwezi aitazame Final Cut Pro. Premiere Pro naipendekeza tu kwa anayefanya kazi na timu inayoitumia, maana usajili ukikatika mradi unabaki kwenye diski bila wa kuufungua.

Kurenda kwa YouTube: MP4, H.264, sauti AAC ya 48 kHz. Kiwango ambacho YouTube yenyewe inapendekeza kwa 1080p ni megabiti 8 kwa sekunde kwa fremu 30 na megabiti 12 kwa fremu 60. Kwa 4K ya fremu 30 ni 35 hadi 45. Megabiti 8 ni sawa na megabaiti moja kila sekunde, kwa hiyo video ya dakika 10 itakuwa megabaiti 600 hivi, hesabu inayofaa kujulikana kabla ya kununua bando la kupakia. Sauti iweke karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye Fairlight, ukurasa wa sauti wa Resolve. Iliyozidi hapo YouTube huishusha, lakini iliyo chini huachwa ilivyo, na mtazamaji ndiye anayelazimika kuongeza sauti.