Laibrari ya muvi ya jirani yangu Msamvu: nenda, ila uliza daftari la kijani

Nina steshenari jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Ukuta wa mbao ndio unaonitenganisha na laibrari ya muvi, yaani banda la kuuza muvi kwa kuzirusha kwenye flashi ya mteja, kwa hiyo maoni haya si ya mtu aliyepita mara moja akaondoka. Huu ni mwaka wa tatu nasikia kila neno linalosemwa upande wa pili, na kila Ijumaa jioni nikishafunga naingia kwake na flashi mkononi kumchukulia mama sizoni yake ya wiki. Naipenda sehemu hii kuliko laibrari zote nilizopitia mjini. Lakini kuna jambo moja ambalo lisingekuwepo, nisingemwelekeza mtu pale.

Banda ni dogo, hatua nne kwa tatu. Kompyuta ya mezani imeachwa wazi ubavu mmoja na feni imeelekezwa ndani yake, maana joto letu la Januari linaua mashine. Diski nne za nje zimelala juu ya kanga iliyokunjwa ili zisitikisike lori likipita. Kila moja ina kipande cha plasta nyeupe kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ZA KUTAFSIRIWA, KOREA, KATUNI, ZETU. Muvi moja shilingi 500, iliyotafsiriwa 700, sizoni nzima 3,000 hadi 5,000 kutegemea urefu. Taslimu au lipa namba.

Kurusha muvi kwenye flashi kila mtu anaweza. Utamjua mjuzi mteja akija hajui jina la anachokitaka. Mwezi uliopita aliingia mzee mmoja, flashi yake ameifunga kwenye leso mafundo mawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Nataka ile ya kipofu. Ana fimbo, lakini fimbo ina upanga ndani."

Kijana, yaani jirani yangu mwenye laibrari, hakukimbilia kibodi. Aliuliza, "Anacheza kamari?"

"Eeh! Anasikiliza dadu kwa masikio!"

"Ulipoiona ilikuwa ya rangi, au nyeusi na nyeupe?"

Mzee alifumba macho. Alisema aliiona akiwa kijana, kwenye kibanda cha video, TV yenyewe haikuwa na rangi, hivyo hawezi kuapa. Basi kijana akamfungulia vipande vya Kijapani vya zamani kimoja baada ya kingine, dakika moja moja, na mzee amesimama karibu na kioo, mkono umeshika meza. Kwenye cha nne alipiga meza kofi. "Huyu! Huyu huyu!" Mimi nilikuwa nimeacha mashine ya kopi inatoa karatasi tupu, nimeegemea mlango. Waliokuwa kwenye foleni wakaanza kubishana kama upanga wa aina ile hukatika ukigongwa na chuma, na ubishi ukaendelea hadi magharibi. Wapenzi wa muvi wa mji huu wanakutana hapo, na hakuna anayechekwa kwa kujua majina ya mafundi wa mapigano au kwa kuhesabu episodi za katuni za Kijapani kama mtu anavyohesabu mabao ya timu yake.

Muvi ilipopatikana, likaja swali ambalo kwingine sijawahi kulisikia: "TV yako ni ya aina gani mzee, na uliinunua lini?" Swali hilo lina sababu. Flashi nyingi za gigabaiti 32 kushuka zinakuja na mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Muvi ya saa mbili yenye picha safi inavuka hapo bila shida. Kwingine utaambiwa flashi yako mbovu wakati ina nafasi ya gigabaiti 20. Ukiibadilisha iwe exFAT, mfumo unaopokea mafaili makubwa, kompyuta itaisoma, lakini TV ya zamani itakwambia haioni kitu. Huyu kijana analipunguza faili kwa programu ya HandBrake au analikata vipande viwili, na anakwambia mapema usubiri dakika ngapi.

Picha nazo hivyo hivyo. Mafaili ya H.265, mtindo wa kubana picha uliotoka 2013, ni madogo na mazuri, ila TV nyingi bapa za zamani zinasoma H.264 tu, ya mwaka 2003. Na sauti ndiyo kabisa. Umeshawahi kufika nyumbani ukaweka muvi, watu wanafungua midomo na hakuna sauti? Mara nyingi ni sauti iliyohifadhiwa kwa mtindo uitwao DTS. DTS ina mwenyewe, na mtengenezaji wa TV hulipia leseni ili kifaa chake kiisome. TV nyingi za bei ya chini hazijalipiwa. Mteja anamlaumu mrusha muvi, kumbe kilichokosekana ni malipo ya leseni huko kiwandani. Kijana anaibadilisha sauti kabla hujatoka, halafu anajaribu flashi yako kwenye TV yake ndogo ya ukutani, episodi ya kwanza na ya mwisho. Sijawahi kurudi kwake kulalamika.

Kwingine nimerudi sana. Kuna laibrari moja, siitaji, iliyonirudishia flashi ina virusi vile vinavyoficha folda na kukuachia njia za mkato tupu. Flashi hiyo ilikuwa na ripoti ya utafiti ya mwanafunzi wa chuo niliyokuwa nimekaa nayo siku tatu naipanga. Niliipata baada ya usiku mzima wa kufungua mafaili yaliyofichwa, na binti wa watu alikuwa amekaa kwenye benchi langu analia. Tangu hapo naangalia kitu kimoja nikiingia laibrari yoyote: je, anaikagua flashi kabla ya kuifungua? Huyu anaikagua kila mara, hata ya rafiki yake. Flashi feki pia anazijua. Alinionyesha moja iliyoandikwa gigabaiti 64, tulipoijaza ikakubali 8, zilizobaki zikapotea.

Sasa mama. Ana miaka 67, Kiingereza hakijui, na maandishi ya chini ya kioo yanapita haraka kuliko macho yake. Anachokitaka ni sizoni ya Kikorea yenye mtu anayemsimulia kwa Kiswahili. Sauti za namna hiyo amezizoea tangu enzi za kanda za VHS, Lufufu akitafsiri muvi za mapigano na za Kihindi na vibanda vyote vinamjua kwa sauti. Kenya nao wana DJ Afro. Mama akisikia mtafsiri anamwita mkwe mbaya "mchawi wa ukoo", anacheka hadi anashika mbavu. Nathamini sana kazi ya wale watafsiri. Wamewafungulia watu kama mama yangu nchi nzima nzima ambazo zingebaki zimefungwa.

Pamoja na hayo najua, na jirani yangu anajua, kwamba kutafsiri kazi ya mtu ni haki ya mwenye kazi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasema hivyo, na Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994. Ile kazi ya Korea ina ulinzi hapa Msamvu kama ilivyo Seoul. Mwenye kazi hakuulizwa, na 700 yangu haimfikii. Nikiulizwa suluhisho nitajibu kwamba njia ipo: Azam TV wameonyesha tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na mama alizifuata moja hadi mwisho bila mimi kununua flashi. Watafsiri wetu wenye vipaji wapewe kazi ya namna hiyo, walipwe, majina yao yaandikwe. Nataka mama aendelee kusimuliwa, na nataka anayemsimulia awe na mkataba.

Mimi mwenyewe kopi ndiyo riziki yangu, kwa hiyo suala hili nakutana nalo kila siku. Wanafunzi wananiletea vitabu vizima. Nina sheria yangu: kitabu cha mwandishi ambacho kinauzwa hapa mjini sikitoi chote. Sura moja ya kusomea, sawa. Mara nyingine nawapigia hesabu mbele yao: kurasa 180 kwa shilingi 100 ni 18,000, na dukani kinauzwa 12,000. Wengi wanashtuka. Wachache wananuna na kwenda kwa jirani wa mbele, na hao nimekubali kuwapoteza.

Ndiyo maana ile diski yenye plasta ya ZETU ilikuwa inaniuma. Ilikuwa na muvi za hapa nyumbani, zote kwa 500, na hata senti haikwenda kwa mtu. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato, TRA, walileta stempu za kodi za kubandikwa kwenye CD na DVD za muziki na filamu, na ukiishika kopi dukani ulikuwa unaweza kujua ni halali au la. Flashi haina pa kubandika kitu. Sheria ya Fedha ya 2022 ikaleta tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhia, ili wenye kazi wapate chochote. Naiunga mkono kabisa. Lakini tozo hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuuza muvi ya mwenzake, na nilimwambia jirani yangu hivyo mara nyingi kupitia ule ukuta wa mbao.

Kilichobadilisha mambo ni kijana mmoja aliyepiga muvi yake kwa simu kule juu milimani Uluguru, dakika 50, waigizaji ni ndugu zake. Alikuja laibrari kununua kitu kingine akaikuta ya kwake imo kwenye orodha. Hakupiga kelele. Alisimama anaiangalia inavyocheza kwenye ile TV ndogo, halafu akasema, "Kaka, taa ya tukio hili niliikodi kwa elfu ishirini. Bado nadaiwa." Jirani yangu aliizima TV. Kwa muda sikusikia kitu upande ule isipokuwa feni.

Wiki iliyofuata akaja kwangu kununua kaunta buku lenye jalada la kijani, akaniomba nimchoree safu: tarehe, muvi, kiasi, sahihi. Akafuta kila muvi ya ZETU ambayo hakuweza kumpata mwenyewe. Zilibaki saba. Hizo anaziuza 1,000, na 700 ni ya mwenye muvi, inatumwa kila Jumatatu kwa simu. Mteja akilipa anaona mstari wake unaandikwa. Nimekaa nalo daftari hilo. Kwa mwezi wa kwanza yule kijana wa Uluguru alipata mistari 31, sawa na 21,700. Deni la taa limekwisha na chenji juu.

Inawezekana kumbe, kwenye banda la hatua nne kwa tatu, bila programu yoyote mpya. Ningependa diski zile tatu nyingine nazo zipate daftari lao, na sitaacha kumwambia. Siku ya mzee wa fimbo nilimkumbusha kwamba VLC, programu anayojaribia muvi, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja Paris mwaka 1996, anawawekea wateja bure kwa sababu wenyewe wameandika kwenye leseni yao kwamba anaruhusiwa. Alikuwa hajawahi kulifikiria hivyo. Alinyamaza, akaendelea kurusha.

Kasoro. Foleni ya Ijumaa ni ndefu na hana utaratibu wa namba, anayepiga kelele anahudumiwa kwanza, na mara mbili nimeona kina mama wenye watoto mgongoni wakirukwa. Muvi mpya zilizorekodiwa kwa kamera ndani ya sinema anaziweka pamoja na safi bila kuzitenganisha. Utafika nyumbani ukute kichwa cha mtu kinapita mbele ya kioo kwenda kununua bisi. Nimemwambia asiziweke kabisa. Umeme ukikatika kila kitu kinasimama, hana betri, na muvi iliyokuwa inaingia inaharibika inabidi ianze upya. Na kwenye KATUNI kuna mafaili yasiyofaa watoto yamechanganywa na ya watoto, maana kwa wengi kilichochorwa kwa mkono ni cha mtoto. Mzazi asimtume mwanawe peke yake. Nenda naye, soma majina, uliza.

Ukienda, nenda kati ya Jumatatu na Jumatano asubuhi, saa tatu hadi saa sita, kukiwa hakuna watu. Beba flashi tupu, na ukumbuke jina la TV yako. Daftari la kijani linakaa chini ya kibodi na yeye mwenyewe ni mtu wa haya, halitoi mpaka aulizwe. Muulize. Ya Uluguru iko mstari wa kwanza wa orodha, na tukio la taa liko dakika ya 38.