Kozi ya Jioni ya Maamkizi ya Kiingereza Mjini Kisumu: Inamfaa Nani?

Kozi fupi ya maamkizi ya Kiingereza inayofundishwa jioni katika ukumbi wa kukodi karibu na Barabara ya Oginga Odinga inawalenga wahudumu wa hoteli, madereva wa teksi na vijana wanaowatembeza watalii ziwani kutoka ufuo wa Dunga. Nimeihudhuria nikiwa mfanyakazi wa mapokezi, na kwa jumla naiona kuwa yenye manufaa, ingawa kuna sehemu ambazo mwalimu angefaa kuzipunguza.

Ubora wake mkubwa ni kwamba kila msemo hufundishwa pamoja na wakati wake. "Nice to meet you" huambiwa mtu ambaye hamjawahi kuonana. Mgeni huyo akishuka kesho yake kupata kiamshakinywa, husalimiwa kwa "Nice to see you again". Wengi wetu hurudia ule wa kwanza kila asubuhi, na mgeni akabaki kujiuliza iwapo tumekwisha kumsahau. Vivyo hivyo, "Good evening" ndiyo ya kumpokea mtu hata ikiwa ni saa tatu usiku, ilhali "Good night" ni ya kuagana, kwa hiyo mhudumu anayeitamka mlangoni huwa anamuaga mgeni kabla hajaketi. Makosa haya nimeyasikia katika hoteli za hadhi kabisa.

Somo la urefu wa salamu nalo lilifundishwa kwa makini. Huku kwetu Nyanza, kumsalimu mtu ni kumjulia hali yeye, watoto wake, wazee wa nyumbani na hata mvua ya kijijini, na anayekatisha huonekana hana adabu. Mwalimu alieleza kwamba "How are you?" baina ya watu wasiofahamiana haiombi habari nyingi, kwani jibu la "Very well, thank you. And you?" linatosha, kisha shughuli iendelee. Alituonya pia tusimuulize mgeni umri wake au kama ameoa, tuambatanishe "Mr" na jina la ukoo badala ya kusema "Mr John" kama tulivyozoea, na tumtazame machoni tunapompa mkono, jambo ambalo si rahisi kwa kijana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa wake.

Nisichokubaliana nacho ni muda mrefu uliotumika kukariri "How do you do?" Ni kweli kwamba ni salamu rasmi ya Kiingereza cha Uingereza na kwamba hujibiwa kwa maneno yaleyale, lakini siku hizi ni wachache wanaoitumia, na mtalii kijana akiamkiwa hivyo huenda akacheka. Muda huo ungetumika kufundisha namna ya kumwomba mtu arudie jina lake kwa upole, yaani "I'm sorry, I didn't catch your name", ambao nauhitaji mezani pangu kuliko msemo mwingine wowote na ambao ulitajwa kwa kupitia tu. Kitini nacho kimetolewa nakala mara nyingi hadi baadhi ya kurasa hazisomeki, na kelele za matatu hulazimisha walio nyuma kukisia kinachosemwa. (Kiyoyozi kipo, ila sikuwahi kukisikia kikinguruma.)

Anayezungumza Kiingereza vizuri tangu shuleni huenda akaona analipa ada kwa mambo machache mapya. Anayeanza kazi ya kupokea wageni, hasa kama Kiingereza chake ni cha kusoma kuliko cha kusema, atafaidika sana na mazoezi ya wawili wawili, ambapo mmoja huwa mgeni na mwingine mwenyeji, na mwalimu husahihisha papo hapo bila kumwaibisha mtu. Ni vyema ajiandikishe kwa darasa la Jumamosi, ambalo huwa na watu wachache, ili apate zamu ya kuzungumza zaidi ya mara moja.