Nimelipa mara mbili, na salamu yangu hawakuitikia

Mdogo wangu yuko Muscat, miaka imepita. Mashine hii ya gemu, PlayStation ya Sony, niliinunua kwa ajili yake tu: yeye ashike pedi kule, mimi nishike yangu hapa Ngamiani, Tanga, tupige mechi kama tulivyokuwa tukigombania zamu kwenye banda la gemu.

Kufungua akaunti, orodha ya nchi nimeishusha hadi mwisho, Tanzania haimo. Muuzaji akanifungulia ya Marekani. Sawa. Diski ya mpira nimeinunua, bando naweka mwenyewe, kumbe kukutana na mdogo wangu uwanjani kuna ada nyingine! Nikatafuta vocha ya ada hiyo, ya miezi 12, naingiza namba, inakataa. Vocha ilikuwa ya Uingereza, na kila akaunti inapokea vocha za nchi yake tu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nilianza na salamu, nikamuuliza mhudumu hali, nikaeleza shida yangu taratibu. Yule mtu hakuitikia. Aliuliza niko nchi gani. Nikasema Tanga, Tanzania. Akajibu kwamba huduma zao hazipatikani nchini kwangu, akafunga mazungumzo. Mimi nimekaa na simu mkononi, hasira zimenijaa mpaka kooni. Mashine zao zinauzwa madukani mchana kweupe, ila mwenye shida ndiye hayupo kwenye ramani?

Na ada hii haikuwapo kwa wote tangu mwanzo. Microsoft, wenye mashine ya Xbox, walianza na Xbox Live, huduma ya kulipia ya kucheza mtandaoni, mwaka 2002. PlayStation 3 ilipotoka 2006, kucheza na wenzako mtandaoni ilikuwa bure. PlayStation 4 ya 2013 ikaanza kudai. Nintendo nao wakafuata 2018. Wameona tunalipa, basi.

Hapa nilikuwa nimeandika "msinunue kabisa". Nimefuta. Juzijuzi nilipata vocha ya Marekani, nikalipa tena, na usiku sauti ya mdogo wangu ikaniingia sikioni: "Kaka, leo nakufunga." Akanifunga kweli, manne. Tulicheza mpaka adhana ya alfajiri, na mama akaamka akaomba spika za masikioni amsalimie mwanawe.

Kwa hiyo mwenye ndugu wa mbali anunue, ila ahakikishe vocha ni ya nchi ya akaunti yake kabla hajatoa hela. Kampuni yenyewe siipi hata nyota moja. Ile vocha ya kwanza bado ninayo, na salamu yangu haijajibiwa.