Nyuzi za raketi ya tenisi: nilizozijaribu, na mseto niliobaki nao

Raketi yangu ni Babolat Pure Drive, ile ya uso wa inchi 100 za mraba yenye nyuzi 16 za wima na 19 za kulala. Fremu sijaibadilisha, na viwanja ni vile vile vya Mombasa ninavyovichezea siku zote. Nilichobadilisha ni nyuzi, na kila uzi mpya ulinipa raketi nyingine mkononi. Ndiyo maana huniuma nikimwona mtu anatoa pesa nyingi kununua fremu mpya, halafu anacheza na nyuzi alizoikuta nazo dukani mpaka zikatike. Ukipiga vizuri, mpira hukutana na nyuzi peke yake, kwa muda wa kama sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde. Kasi, mzunguko na mtikisiko unaopanda hadi begani vyote hutokea hapo.

Wengi wetu tuliingia kwenye poliesta, uzi wa plastiki ngumu, kwa sababu ya wachezaji wa televisheni. Gustavo Kuerten wa Brazili alitwaa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1997 akiwa nafasi ya 66 duniani, raketi yake ikiwa na poliesta ya Luxilon kutoka Ubelgiji, na baada yake karibu kila mtu akafuata. Sababu ipo na ni ya kweli. Poliesta ni ngumu na inateleza, kwa hiyo mpira unapogonga, nyuzi za wima husogea upande kisha hurudi mahali pake kwa nguvu, na kule kurudi ndiko kunakouzungusha mpira. Nilipotia poliesta raketi nzima, forihendi yangu ya kupandisha, pigo la upande wa mkono wa raketi linalouzungusha mpira, ilianza kuzama ndani ya mstari wa nyuma hata nilipopiga kwa nguvu zote. Raha ile siwezi kuikana.

Tatizo ni kwamba poliesta hufa muda mrefu kabla ya kukatika. Mkazo wake hushuka haraka, hata raketi ikiwa imekaa kwenye mfuko, na kule kurudi kwa nyuzi kunapotea. Unachobaki nacho ni ugumu mtupu. Mchezaji wa kulipwa halioni hilo kwa sababu raketi zake husukwa upya kila mechi. Sisi wa klabu, ambao uzi haukatiki kwa mapigo yetu, tunaweza kuubeba ukiwa umekufa kwa miezi. Kiwiko changu kilianza kuuma kwa nje, hasa kwenye bekihendi ya mkono mmoja, lile pigo la upande wa pili, na kilitulia nilipoitoa ile poliesta. Pure Drive yenyewe ni fremu ngumu, haiuhurumii mkono, kwa hiyo ugumu ulikuwa umewekwa juu ya ugumu. Na hapa naomba wazazi wanisikilize: mtoto anayejifunza usimtilie poliesta. Hana kasi ya kuusogeza uzi ule, na mkono wake bado unakua.

Nikahamia upande wa pili kabisa, kwenye Wilson NXT. Huu ni uzi uliojengwa kwa nyuzinyuzi nyembamba mno za nailoni zilizogandishwa pamoja. Ulaini wake unausikia tangu mpira wa kwanza. Kwenye voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda, mpira unakaa kidogo juu ya raketi, unaupeleka unakotaka, na kiwiko kinakushukuru. Kama wewe ni mtu wa dabo, mchezo wa wawili wawili, unayecheza karibu na wavu na kupiga mapigo ya bapa yasiyo na mzunguko mwingi, simama hapo hapo, huna haja ya kuendelea kutafuta. Mimi napiga kwa mzunguko mwingi, na nyuzi za aina hii huchambuka zinaposuguana. Nikaona sitamudu kuzibadilisha kila mara.

Uzi wa utumbo wa ng'ombe nao niliujaribu. Babolat walianza kutengeneza nyuzi za utumbo Lyon, Ufaransa, mwaka 1875, na mpaka leo hakuna uzi wa plastiki au nailoni unaoufikia kwa kushika mkazo na kwa upole mkononi. Msimu wa kaskazi nilicheza nao kwa furaha kubwa. Masika ilipoingia, unyevu ukaufanya uanze kuvimba na kunyonyoka, na bei yake ni mara kadhaa ya uzi wa nailoni. Kwa pwani yetu siushauri.

Nilikobaki ni kwenye mseto. Nyuzi za wima natia poliesta ya unene wa milimita 1.25 kwa mkazo wa paundi 48, na za kulala natia Prince Synthetic Gut ya milimita 1.30 kwa paundi 50. Nailoni hii ni ya bei nafuu na inapatikana bila shida. Mzunguko niliokuwa nikiupenda umebaki kwa sehemu kubwa, mtikisiko umepungua, na kiwiko kiko salama. Bingwa wa Uswisi Roger Federer alifanya kinyume, utumbo wima na poliesta ya kulala, kwa sababu nyuzi za wima ndizo zinazoamua zaidi jinsi raketi inavyojisikia. Mwenye kiwiko kibovu kweli aanze na mpango huo, uzi laini uwe wima, akikubali kwamba utakatika mapema. Mseto una faida nyingine ambayo wauzaji hawaisemi: pakiti moja huwa na takribani mita 12, na nusu yake inatosha upande mmoja, hivyo pakiti mbili tofauti zinasuka raketi mbili.

Kuhusu mkazo, watu wengi huomba paundi 58 au 60 wakidhani ndio ukomavu. Ukikaza, unapunguza nguvu ya mpira na eneo la raketi linalosamehe mpigo usiogonga katikati. Ukilegeza, mpira unatoka na nguvu zaidi na mkono unapumzika. Poliesta hasa haihitaji kukazwa hivyo. Anza katikati ya namba zilizoandikwa kwenye fremu, kisha shuka paundi 2 kila unaposuka mpaka mipira ianze kukutoroka nje. Ninapopanda Nairobi, kwenye karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali. Sheria za tenisi zenyewe zina mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Kwa safari hizo naongeza paundi 2, na inatosha.

Kwa fundi, taja mkazo kwa kipimo cha mashine yake. Paundi 50 ni kilo 22.7, na nimeona raketi ikitoka imelegea kwa sababu ya kukadiria tu. Mwombe abandike karatasi ndogo kwenye shingo ya raketi yenye tarehe, aina ya uzi na mkazo, maana bila hiyo hutajua ni nini kilichokufaa. Na raketi isilale kwenye buti ya gari mchana. Joto la Mombasa humaliza mkazo hata kabla hujaingia kiwanjani.